Stima ya nyuma ya nyumba isiachwe bila mwenyewe

Tangu tarehe 15 Agosti mwaka wa 2024, Eldoret ilipokabidhiwa hati ya kuwa jiji, mazungumzo ya wakazi wake yamekuwa ya mambo makubwa: barabara, masoko, majitaka, taa za barabarani na ardhi ambayo bei yake inapanda kila uchao. Ni mazungumzo ya haki, kwani mji ulioanza kama shamba nambari 64, jina ambalo wazee wangali wanalitamka kwa mapenzi, umepiga hatua kubwa katika muda unaozidi karne moja. Hata hivyo, leo ningeomba msomaji anivumilie nizungumzie jambo dogo lisilo na sherehe wala utepe wa kukatwa. Nataka kuzungumzia waya. Si ule mnene unaopita juu ya minara kutoka Lessos, wala ule unaoning'inia juu ya nguzo mbele ya nyumba zetu. Nasema juu ya ule mwembamba unaotoka nyuma ya nyumba, ukavuka ua, ukaingia katika gereji, stoo au banda lililojitenga pembeni mwa ploti.

Waya huo ndio, kwa maoni yangu, kiungo cha hatari zaidi cha stima katika boma la mkazi wa Eldoret, na sababu kubwa ni kwamba hauna mwenyewe. Waya wa nguzoni una kampuni ya Kenya Power. Nyaya za ndani ya nyumba kubwa zilikuwa, siku moja angalau, na fundi mwenye leseni aliyetia sahihi. Huu wa tatu ulivutwa Jumamosi mchana na jirani anayejuajua, akalipwa pesa za chai, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuangalia tena ila ndege wanaotua juu yake.

Anayetaka kuuona hahitaji kwenda mbali. Apite Kapsoya, Kimumu, Annex, Langas au Munyaka, achungulie juu ya ua wowote wa mabati. Atauona waya mweupe wa aina iliyokusudiwa kupitishwa ndani ya ukuta, umechomolewa kwenye taa ya nje ya jikoni, ukafungwa kwenye tawi la mparachichi, ukalazwa juu ya mabati ya paa, kisha ukaingia gerejini kupitia pengo la dirisha. Pale ulipoungwa pamezungushiwa utepe mweusi, na utepe wenyewe umeshaanza kuachia kwa jua na mvua. Kule Elgon View, ambako viwanja ni vikubwa na nyumba nyingi ni za zamani, huenda waya umezikwa. Lakini umezikwa kina cha jembe moja tu, bila kinga yoyote, na aliyeuzika alihama kitambo bila kumwambia mtu ulipopita.

Wala sishangai kwa nini tumefika hapa. Ploti ya futi 50 kwa 100 siku hizi hailazi familia tu. Inapaswa pia kuilisha. Baba anastaafu, anajenga banda la mabati nyuma na kumpa mwanawe aliyetoka chuoni atengenezee magari. Mama anaweka kiangulio cha vifaranga stoo. Chumba kilichokuwa cha mtumishi kinapangishwa kinyozi. Mashine ya kuchomelea vyuma inanunuliwa, kisha kompresa ya kujazia magurudumu upepo. Kila kimoja katika hivi ni riziki, na mwenye kukidharau haujui mji huu. Tatizo ni kwamba riziki zote hizo zinaning'inia kwenye waya uliovutwa kwa ajili ya balbu moja.

Hebu tuangalie sheria inasemaje. Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019 imeipa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA, jukumu la kuwapa leseni mafundi wa stima, na fundi huwekwa katika daraja kulingana na ukubwa wa kazi anayoruhusiwa kufanya. Kabla nyumba mpya haijapewa mita, fundi mwenye leseni huandika cheti kwamba kazi imekamilika na imepimwa. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Sheria yenyewe haiishii kwenye nyumba mpya. Hata kuongeza au kubadilisha nyaya katika jengo lenye stima tayari ni kazi ya fundi mwenye leseni. Lakini katika maisha ya kila siku, cheti ni kitu cha siku ya mita. Mita ikishawaka na tokeni ya kwanza ikiingizwa, mlango unafungwa nyuma ya mkaguzi, na kinachoongezwa mwaka unaofuata, au miaka kumi baadaye, hakiandikwi popote. Kampuni ya umeme itakwambia, na kwa haki, kwamba wajibu wake unakoma kwenye mita. Serikali ya kaunti itakwambia kwamba ilipitisha ramani ya nyumba, na banda halikuwa kwenye ramani. Fundi wa kwanza atakwambia kuwa kazi yake ilikuwa safi. Wote watakuwa wanasema kweli, na waya utabaki palepale juu ya mabati.

Kuna watu wataniambia: stima ni ileile, volti 240 ndani ya nyumba na volti 240 gerejini, mbona unatutisha na banda? Swali hili linastahili jibu kamili, kwa maana ndilo kiini cha jambo lote.

Stima ni ileile, lakini ardhi si ileile. Ndani ya nyumba mtu husimama juu ya simenti kavu, vigae au zulia, na mara nyingi ana ndara miguuni. Gerejini husimama juu ya udongo, na katika Uasin Gishu udongo huo huwa umelowa kwa miezi mingi ya mwaka, tangu mvua zinapoanza mwezi wa Machi au Aprili hadi Septemba. Mwili wa mtu mwenye ngozi iliyolowa unaweza kuizuia stima kwa kiasi cha omu 1,000 hivi, na pengine chini ya hapo. Gawanya 240 kwa 1,000, utapata milliampia 240 zinazopita kifuani. Wataalamu wanahesabu kwamba milliampia 30 ndizo mpaka. Zikizidi hapo kwa muda mfupi tu, moyo waweza kuacha mpigo wake. Kwa hiyo kijana aliyeshika grainda mbovu huku amesimama kwenye tope anapokea mara nane ya kipimo hicho.

Na fyuzi je? Fyuzi ya plagi zetu kubwa ni ya ampia 13, yaani milliampia 13,000. Milliampia 240 hazitaishtua hata kidogo. Itakaa pale imetulia, grainda itaendelea kunguruma, na mtu atakuwa anakufa. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewasikia watu wengi, wasomi miongoni mwao, wakisema kuwa nyumba yao ina fyuzi na hivyo wako salama. Fyuzi iliwekwa kuilinda nyumba isiungue. Haikuwekwa kumlinda mtu asife. Kinachomlinda mtu ni vitu viwili: waya wa ardhi, ule ambao mafundi wetu huuita athi, na swichi maalumu inayoukata umeme mara inapohisi kwamba sehemu yake inavuja na kupita pasipostahili. Swichi ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa kipimo cha milliampia 30 hukata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, au karibu na hapo. Ina kibonyezo kidogo cha kujaribia, na bei yake haifiki bei ya tairi jipya la gari.

Sasa turudi kwenye ule waya uliochomolewa kwenye taa ya jikoni. Mara nyingi ni wa nyuzi mbili tu. Athi haipo, kwa vile balbu haikuihitaji. Siku kompresa ya chuma inapofungwa kwenye waya huo na waya wa moto ukagusa bodi yake kwa ndani, chuma chote kinakuwa moto na hakina njia ya kuupeleka umeme huo ardhini. Kinasubiri mkono wa mtu uwe njia.

Wengine, nakiri, hupigilia chuma ardhini kando ya gereji na kufunga waya hapo, wakaamini kwamba kazi imekwisha. Ni hatua njema lakini haitoshi, na hesabu yake ni nyepesi. Chuma kilichopigiliwa katika udongo uliokauka mwezi wa Januari au Februari chaweza kuzuia stima kwa omu 50 au zaidi. Hivyo hata waya wa moto ukigusa bodi ya mashine, umeme utakaopita kwenda ardhini hautafika ampia 5. Hautakata fyuzi ya 13, sembuse ile ya 32. Bodi ya mashine itabaki na moto vilevile, saa nzima, siku nzima. Kwa hiyo chuma cha ardhini na swichi ya kukata umeme unaovuja ni ndugu wawili. Kimoja bila kingine hakimalizi kazi, na hasa katika jengo lililojitenga na nyumba.

Hatari ya pili ni moto, nayo yatokana na wembamba na urefu. Chukua waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ule unaotumika kwa taa, uuvute mita 40 hadi mwisho wa ploti. Fungua mashine ya kuchomelea inayokula ampia 20. Karibu volti 20 zitapotelea njiani, na joto la wati zinazokaribia 400 litazaliwa ndani ya waya wenyewe. Ni sawa na kuzificha balbu nne za zamani za wati 100 ndani ya ngozi ya plastiki. Joto hilo likitawanyika katika mita zote 40 hewani, huenda waya ukastahimili kwa muda. Ukiwa umebanwa chini ya gunia, umepita ndani ya dari, au ni ekstensheni ambayo nusu yake bado imeviringwa kwenye kigurudumu chake, plastiki italainika na nyuzi zitagusana. Aidha, ijulikane kwamba ukiongeza umeme maradufu, joto huongezeka mara nne. Ndiyo maana waya uliofanya kazi bila malalamiko miaka mitano ukiwa na taa na redio unaweza kuungua wiki ya kwanza ya kompresa.

Hapa ndipo linapofanyika kosa ambalo binafsi naliona kuwa baya kuliko yote. Swichi ya mzunguko wa taa inaanguka kila mashine inapowashwa. Inaanguka kwa sababu inafanya kazi yake. Mwenye nyumba anaudhika, anaita mtu, na mtu huyo anaiondoa swichi ndogo na kuweka kubwa. Au kwenye nyumba za zamani anaufunga mwanya wa fyuzi kwa uzi wa shaba uliochunwa kutoka waya mwingine. Swichi haianguki tena. Mteja anafurahi na kumsifu fundi. Huo ni sawa na kumfukuza mbwa kwa kuwa alibweka usiku mwizi alipopita.

Sina budi pia kutaja kamba za kuanikia nguo. Katika maboma mengi kamba hizo ni waya wa mabati uliofungwa upande mmoja kwenye nyumba na upande wa pili kwenye paa la banda. Waya wa stima ukisuguana na ukingo wa bati kila upepo unapovuma, ngozi yake inakatika, na tangu hapo banda zima pamoja na kamba ya nguo vinakuwa na moto. Anayegundua huwa si fundi. Huwa ni mama au msichana wa kazi, mwenye mikono iliyolowa na shuka lililolowa, aliyesimama juu ya nyasi zilizolowa. Jua letu nalo, mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, lina ukali wake. Waya mweupe uliotengenezwa kukaa ndani ya ukuta haukuumbiwa kulikabili, na baada ya misimu michache ngozi yake hukakamaa na kupasuka kama gome.

Ni ipi basi njia iliyo sawa? Si siri, na mafundi wazuri wa mji huu wanaijua kwa moyo. Stima ya gereji itoke kwenye kisanduku kikuu cha nyumba, wala isitoke kwenye taa au soketi iliyo karibu. Iwe na swichi yake yenyewe, ya ukubwa unaolingana na waya. Unene wa waya uchaguliwe baada ya kuhesabu urefu na mashine zitakazotumika, zikiwemo zile ambazo mwenye nyumba anatarajia kununua kesho; kwa mita 40 na mashine ya kuchomelea, tunazungumzia milimita mraba 6 au 10, si 1.5. Kebo iwe ile iliyovikwa deraya ya nyuzi za chuma na kuzikwa angalau nusu mita, na zaidi pale magari yanapopita. Ilazwe juu ya mchanga, ifunikwe mchanga, kisha kuwe na tofali au utepe wa kuonya juu yake, ili atakayekuja na jembe miaka ishirini ijayo aonywe kabla hajaifikia. Njia iliyopita ichorwe kwenye karatasi na karatasi ihifadhiwe pamoja na hati ya ploti. Ndani ya gereji kuwe na kisanduku chake kidogo chenye swichi kuu ya kuzima kila kitu palepale, bila mtu kukimbia hadi nyumbani kutafuta ufunguo wa jikoni, na ile swichi ya milliampia 30. Halafu kazi ipimwe kwa vyombo. Kuwasha balbu na kusema imewaka si kupima.

Gereji ya magari inahitaji uangalifu wa ziada ambao hata baadhi ya mafundi wa stima huusahau. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutandaa sakafuni, na kama kuna shimo la kukagulia magari, hujikusanya humo kama maji kisimani. Soketi au swichi iliyowekwa chini karibu na sakafu hutoa cheche ndogo kila inapotumika, na cheche hiyo inatosha. Soketi ziwekwe juu ya kiuno cha mtu, na ndani ya shimo zisiwekwe kabisa. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo nayo hulipuka. Pahali pa kuchajia pawe na hewa inayopita. Taa ya mkononi ambayo mekanika hulala nayo chini ya gari isiwe ya volti 240. Zipo taa za volti 12 zinazotumia betri ya gari lenyewe, na siku hizi zipo za kuchajiwa, nyepesi na za bei nafuu. Mtu aliyelala chali juu ya ardhi yenye maji, kifua kikigusa chuma cha gari, hana pa kukwepea.

Nje kidogo ya jiji, kuelekea Moiben, Ziwa au Kesses, gereji inageuka kuwa banda la ng'ombe. Mradi wa kusambaza stima vijijini uliozinduliwa mwaka wa 2015, ambao ulishusha ada ya kuunganishiwa hadi shilingi 15,000, uliingiza mwanga katika nyumba nyingi ambazo zisingeupata, na mimi ni miongoni mwa waliousifu. Baadhi ya nyumba hizo ndogo ziliwekewa ubao wenye soketi na taa, unaotosha chumba kimoja. Kutoka kwenye ubao huo sasa zimevutwa nyaya hadi mashine ya kukatakata majani na pampu ya kisima. Mfugaji ajue kwamba ng'ombe huumizwa na stima ndogo kuliko inayomuumiza mtu: mwili wake huipitisha kwa urahisi, kwato zake zimelowa, na miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali, hivyo umeme unaosambaa udongoni hupanda huku na kushukia kule. Ng'ombe anayegoma kuingia mahali pa kukamuliwa bila sababu, au anayerusharusha miguu akigusa chuma cha hori, huenda si mkaidi. Mwite fundi kabla hujamwita daktari wa mifugo.

Najua jibu litakalokuja: hayo yote ni ya matajiri. Mkazi wa Huruma anayepigania kodi ya mwezi hana pesa za kebo ya deraya. Hoja hii siipuuzi, lakini nadhani inakosea mahali. Kuchimba mtaro ni kazi ya siku mbili ya jembe, na jembe tunalo. Kebo ni ghali, kweli. Lakini mashine ya kuchomelea nayo si bure, na aliyeinunua alipata pesa kwa kuwa aliona faida yake. Waya haonekani kuwa na faida, ndiyo sababu huachwa mwisho na kununuliwa kwa masalio. Ambaye hawezi kabisa kugharimia kebo leo, basi angalau aiweke ile swichi ya milliampia 30 kwenye chanzo cha waya wake, na banda libaki na taa peke yake hadi atakapoweza. Hiyo ni njia ya mtu maskini, nayo ni ya heshima.

Kuna na suala la nyaya bandia. Zimo madukani nyaya ambazo ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu, na unene wake haufikii ulioandikwa kwenye ngozi. Mnunuzi akwaruze ncha kwa kisu: rangi nyeupe ikijitokeza chini ya nyekundu, airudishe. Aitafute alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, ingawa alama nazo siku hizi huigizwa, na wanaoziigiza wanastahili kukamatwa kwa juhudi ileile inayotumiwa kuwakamata wachuuzi wa kando ya barabara.

Kuhusu mafundi wenyewe, sitaki kuungana na wale wanaowatukana vijana wa jua kali. Eldoret ina vyuo vya ufundi vyenye sifa, na kila mwaka vinatoa vijana wanaojua hesabu hizi nilizoziandika kuliko ninavyozijua mimi. Wengi wao hawana kazi. Wengine wana ujuzi lakini leseni hawana, kwa kuwa kuitafuta kunadai ada, mtihani, safari na miezi ya kungoja. Matokeo ni kwamba kijana aliyesoma anafanya kazi kwa kujificha, kwa bei ya asiyesoma, na hawezi kuandika cheti hata akiifanya kazi vizuri. EPRA ingewasogezea mitihani hiyo na kupunguza gharama kwa daraja la chini, ingepata jeshi la watu wa kuaminika bila kuajiri askari mmoja.

Serikali ya kaunti nayo isijivue lawama. Inatoza ada za vibali vya biashara kwa kinyozi, kwa mchomeleaji na kwa mwenye gereji, mwaka baada ya mwaka, na maofisa wake wanayafikia mabanda hayo bila kupotea njia. Kibali hicho kingeweza kudai karatasi moja zaidi: cheti cha fundi mwenye leseni kwamba stima ya jengo hilo imepimwa. Karatasi hiyo isiwe chanzo kipya cha hongo. Iandikwe na fundi, ipokelewe kaunti, ihifadhiwe, na mtu asitozwe senti kwa kuiwasilisha. Vilevile, gereji iliyoajiri hata vijana wawili ni mahali pa kazi mbele ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007, hata ikiwa iko nyuma ya nyumba ya mtu chini ya mparachichi. Wakaguzi wanaozuru viwanda vikubwa wasione haya kuinama na kuingia humo.

Neno moja la haraka kuhusu jenereta, maana zimezidi kununuliwa na makao yake huwa ni gereji hiyohiyo. Yupo anayeiunganisha na nyumba kwa waya wenye plagi pande zote mbili, akaichomeka kwenye soketi ya ukutani. Stima hiyo haikomei nyumbani kwake. Yaweza kurudi kupitia mita hadi kwenye nguzo, ikapandishwa na transfoma, na kumkuta mfanyakazi wa laini aliyepanda akijua waya umekufa. Swichi ya kubadilishia ndiyo njia pekee. Na moshi wa jenereta ndani ya gereji iliyofungwa huua bila harufu ya kuonya.

Linabaki swali la mpangaji, ambaye ndiye anayelala karibu zaidi na waya huu na ambaye hana mamlaka ya kuugusa. Katika mitaa yetu, mwenye ploti hupangisha banda, huvuta waya kutoka kwake, huweka mita ndogo ya kuhesabia, na kumtoza mpangaji stima kila mwezi. Anayeuza stima kwa njia hiyo hawezi kusema kwamba usalama wake haumhusu. Wabunge wa kaunti wa Uasin Gishu wanaoketi hapa mjini wanaweza kuandika kanuni fupi inayomtaka mwenye ploti kuonyesha cheti kabla ya kupangisha chumba au banda lililounganishwa kutoka nyumba kubwa, na kumruhusu mpangaji kuzuia sehemu ya kodi hadi kionyeshwe. Hadi watakapofanya hivyo, mpangaji na amwombe mwenye nyumba amwonyeshe kisanduku cha swichi, atafute ile yenye kibonyezo cha kujaribia, na akibonyeze mbele yake. Taa zikizimika, wanaweza kuzungumzia kodi. Zisipozimika, au kibonyezo chenyewe kisipokuwapo, wana jambo jingine la kuzungumza kwanza.